Mpira Haufanyi Madhambi

Nilizaliwa Tanga, nikakulia Upanga, nikacheza kikapu hadi goti liliponiharibikia nikiwa na miaka 23. Ndipo nikashika filimbi. Mwezi uliopita tulimzika Kisutu mwalimu aliyenipa filimbi hiyo, na kabla hatujatoka makaburini vijana wawili wakanifuata kuniuliza wajiandae vipi kwa kambi ya mchujo wa waamuzi. Sikuwajibu vizuri siku ile.

Mwalimu alikuwa karani bandarini. Alfajiri, kabla hajaingia kazini, alinipeleka uwanjani pakiwa hapana mtu, akanitembeza zile mita 28 kwenda na kurudi: nyuma ya mashambulizi, kisha chini ya kikapu, kisha nyuma tena. Mpira hakuja nao. "Mpira haufanyi madhambi," aliniambia. "Mtazame anayelinda. Miguu yake kwanza, kisha kiwiliwili, mikono mwisho."

Kwenye kambi yangu ya kwanza mshambuliaji alikata kuelekea kikapuni, mlinzi akamgusa kiunoni. Nilisubiri. Hatua yake haikuyumba, kasi haikupungua, akafunga. Sikupiga filimbi. Mkufunzi akaniandikia kosa na jina langu likakatwa. Kwake mguso ni mguso. Miaka imepita na bado nasema alikosea. Kanuni za FIBA zenyewe zinamtaka mwamuzi asikate mchezo ovyo kwa mguso wa bahati mbaya usiomnufaisha aliyegusa wala kumdhuru aliyeguswa. Utajuaje kama mguso umemdhuru usiposubiri kuona mwisho wake? Lakini mlinzi akiingia chini ya miguu ya mtu aliyekwisha kuruka, hapo hakuna kusubiri. Mtu huvunjika mguu pale.

Basi wanangu, mbio za mita 20 fanyeni, maana mwenye pumzi fupi hufika kikapuni amechelewa na huanza kubahatisha. Ishara jifunzeni mbele ya kioo. Enzi zetu fulana zilikuwa na namba 4 hadi 15, vidole vilitosha. Leo zinafika 99, na kuanzia 16 makumi huonyeshwa kwa mgongo wa mkono, mamoja kwa kiganja. Mkibabaika mbele ya meza ya waweka alama, mkufunzi huona kabla hamjafungua mdomo. Ila nawaona mnakesha na kitabu cha kanuni, mkakariri kila kifungu, kisha mchezo ukianza macho yenu yanaufuata mpira kama ya watazamaji waliolipa kiingilio. Hilo linaniuma. Mtu aliyenifundisha kutoutazama yuko kaburini, na sijaona anayefundisha hivyo tena.

Mimi, mwaka uliofuata baada ya jina langu kukatwa, nilirudi kambini, nikasubiri vilevile, nikapita.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa uwanja wa Don Bosco. Njooni na filimbi zenu. Mpira msilete.