Kwa nini Goma haina mito

Juzi, kwenye foleni ya maji hapa Murara, mama mmoja aliyekimbia vita huko Masisi aliniuliza: "Ndugu, kwetu kila bonde lina kijito. Hapa mvua inanyesha sana, mito iko wapi?"

Nikamwonyesha mawe meusi chini ya bidoni zetu. Mama, tunaishi juu ya lava. Ile ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Mawe haya yana nyufa; mvua inapenya, inateremka chini kwa chini hadi Ziwa Kivu.

Hata ziwa lina historia yake. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Ardhi ikapasuka, volkano za Virunga zikazuka, zikafunga njia. Maji yakajaa, mwishowe yakatokea kusini: mto Ruzizi, hadi Tanganyika.

Akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe hata maji yalikimbia kwao."

Ndugu zangu, uchafu wa vyoo vyetu nao unapita katika nyufa hizo. Maji ya ziwa tuyachemshe au tuyatie dawa kabla ya kuwapa watoto. Kipindupindu hakiulizi nani mwenyeji, nani mkimbizi.