Matembezi katika Kinamasi cha Saiwa

Hifadhi nyingi za wanyama nchini Kenya hutazamwa kutoka katika dirisha la gari. Mgeni huketi, dereva huendesha, na simba huhesabiwa kama makarani wahesabuvyo magunia bandarini. Saiwa haitembelewi hivyo. Hifadhi hii ya taifa, iliyowekwa mwaka 1974 katika nchi ya Trans Nzoia, kilomita 20 na ushei kutoka mji wa Kitale, haina njia ya gari ndani yake. Ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, eneo lake likiwa kiasi cha kilomita 3 za mraba, na mtu huingia kwa miguu au haingii kabisa.

Matembezi yenyewe si ya mashujaa. Hapana mlima wa kupanda wala jabali la kuruka. Njia hufuata msitu wa kando ya mto Saiwa, na palipo na tope zimetandikwa mbao zipitazo juu ya matete na ndago. Mzee mwenye mkongojo aweza kuitembea njia hiyo asubuhi moja, na mtoto aweza kuimaliza pasipo kubebwa mgongoni. Walakini wepesi huu una sharti lake. Mbao hulia chini ya kiatu. Mwenye haraka husikika mbali kabla ya kufika, naye hurudi langoni akilalamika kuwa hakuona kitu, akadhani kuwa ametapeliwa kiingilio chake.

Aliyewekewa hifadhi hii ni nzohe, mnyama wa ukoo wa pongo na tandala aliyechagua kuishi majini. Umbo lake ni hoja nzima juu ya uchaguzi huo. Kwato zake ni ndefu, nazo hupanuka akanyagapo, hata asizame katika tope ambalo lingemmeza swala wa nyikani. Kwato hizo hizo humfanya awe mzito na mwenye kujikwaa akitoka katika ardhi kavu. Neema ya kinamasini ni kilema cha uwandani. Manyoya yake ni marefu na yana mafuta yanayozuia maji. Adui amtokeapo hakimbii sana: hujitosa, hutulia, na huacha pua tu juu ya maji. Kwa sababu hiyo wanaomtafuta hupanda ulingo wa mbao uliojengwa ukingoni, mfano wa ulingo wa mwamia ndege shambani, wakakaa kimya alfajiri au jioni hadi matete yatikisike mahali pasipo na upepo. Aghalabu kinachoonekana kwanza ni sikio. Dume huonekana kwa pembe zake zilizopindana. Jike hana pembe, na yamkini mgeni amekwisha mtazama mara mbili akidhani ni kivuli.

Msituni yuko mwenzake katika sanaa hiyo ya utulivu. Kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe za mzee na utepe wa rangi ya machungwa juu ya paji la uso, akiona hatari huganda tawini kama kinyago, naye aweza kukaa hivyo muda mrefu kuliko subira ya anayemtazama. Mbega hawana siri ya namna hiyo. Huruka juu ya vilele na mikia yao myeupe, wakafanya kelele za wenye nyumba. Inashangaza kidogo kwamba kima huyu ana jina la Pierre Savorgnan de Brazza, ambaye mji wa Brazzaville pia huitwa kwa jina lake, na kwamba jina la nzohe katika vitabu vya sayansi humtaja John Hanning Speke. Wanyama wawili wajuao zaidi kujificha wamepewa majina ya wasafiri ambao kazi yao ilikuwa kutafuta na kutangaza.

Hata hivyo, jambo zito la Saiwa haliko ndani ya mpaka wake. Pande zote ni mashamba. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi wa Kizungu wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 mengi ya mashamba yao makubwa yaligawanywa kuwa madogo. Leo mahindi hufika karibu na miti ya hifadhi. Sheria yaweza kumzuia mwindaji, na ua waweza kumzuia ng'ombe; lakini maji hayajui lango. Mto huja na kila kilichotendwa juu yake: udongo wa miteremko iliyolimwa hadi ukingoni, mbolea iliyooshwa na mvua, na upungufu ulioletwa na mikaratusi iliyopandwa mabondeni, mti uotao upesi na unywao maji mengi. Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliupinga waziwazi upandaji wa mti huo karibu na vyanzo vya maji.

Si haki, lakini, kumhukumu mkulima kutoka juu ya ulingo. Mwenye shamba dogo na watoto wa kusomesha huuona mkaratusi kama akiba isiyohitaji benki, na bonde lenye unyevu humpa mboga wakati wa kiangazi, majirani wa juu wakikosa. Tumbili wakivuka mpaka kula mahindi yake, hasara ni yake peke yake. Amwambiaye aache ukingo wa mto bila kulima anamwomba kitu chenye bei, na ni aibu kujifanya ya kuwa hakina.

Njia inapokwisha, msitu haumuagi mtembezi. Hatua moja ni kivuli na harufu ya majani yaliyooza. Hatua ya pili ni jua, vumbi na sauti ya jembe. Mvua ikiwa imenyesha usiku, mto huingia hifadhini ukiwa na rangi ya mashamba ulikopita. Yafikapo kwenye matete maji hupunguza mwendo, udongo ukazama kidogo kidogo kati ya mashina, kisha yakaendelea na safari kuelekea mto Nzoia na ziwa Victoria.