Sindano Dirishani

Niliajiriwa relini mwaka 1984 kama karani wa tiketi, nikapangiwa Mpanda. Ndiko mwisho wa reli: tawi linaachana na reli ya kati pale Kaliua, linakatiza pori la miyombo, linavuka mto Ugalla, na baada ya kilomita 210 linaishia kwetu. Waingereza hawakulijenga kwa ajili ya abiria. Walifuata madini ya risasi ya mgodi wa Mpanda. Mgodi ukafungwa kabla hata ya uhuru, reli ikabaki kubeba watu, tumbaku na asali.

Treni haikuja kila siku. Siku ya treni, dirishani kwangu palikuwa vita. Siku nyingine nilibaki na vitabu vya hesabu, feni isiyozunguka, na saa nyingi. Wenzangu walicheza bao chini ya mwembe. Mimi nilitoa kitambaa.

Kudarizi nilifundishwa na mama kwetu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, naye alifundishwa na masista wa misheni. Mapadri Weupe walifika Karema mwaka 1885, na bibi yangu alitibiwa na Daktari Adrian Atiman, yule aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akaletwa kwetu 1889, akaganga watu hadi alipofariki 1956. Kwa mama nilipata mshono mnyororo, mshono shina, msalaba na blanketi. Nilipata pia waridi. Waridi kwenye foronya, waridi kwenye kitambaa cha meza, waridi kwenye mgongo wa kochi. Nilikua bila kuona waridi hai hata moja, ila ningeweza kukuchorea macho yakiwa yamefumbwa.

Ofisi ilinifaa kuliko duka lolote. Karatasi ya kaboni iliyochoka, ile ambayo haiandiki tena nakala ya hati ya mizigo ikasomeka, ndiyo bora kuhamishia mchoro kwenye marikani: mpya huchafua, kuukuu huacha mstari hafifu tu, ukifuliwa mara mbili hauonekani. Nyuzi nilizizungushia vipande vya boksi nilivyokata saizi ya tiketi, nikavipanga kwenye droo kwa rangi. Uzi wa kudarizi una nyuzi ndogo sita ndani yake. Unaugawa, mbili kwa petali, tatu kwa shina. Umeme wa Mpanda wakati huo ulikuwa wa jenereta, ukikatika nilisogeza chemli. Ukiushika uzi mwekundu kwenye mwanga wa chemli utadhani ni kahawia, kwa hiyo rangi nilizichagua mchana.

Walimu wangu wakubwa walikuwa abiria. Katumba iko kwenye reli hiyohiyo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wanawake wa Katumba walisafiri na mashuka ya kudarizi yaliyokunjwa ndani ya kitenge, mengine ya harusi, mengine ya kuuza Tabora. Wakisubiri treni walishona. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye maneno machache, alichukua kitambaa changu, hakuangalia mbele hata kidogo. Alikigeuza. Akaniuliza, "Dada, huku nyuma wanakaa nani?" Nyuma kwangu kulikuwa na mafundo na nyuzi zilizoruka kutoka ua hadi ua kama njia za panya. Shuka lake, ukiligeuza, hujui upande wa mbele ni upi. Alinionyesha kuanza bila fundo, kuuficha mkia wa uzi chini ya mishono mitano ya kwanza, na kujaza petali kwa mishono iliyolala sambamba, kitambaa kisivutwe hadi kikunjamane. Pembezoni mwa shuka lake hapakuwa na waridi. Palikuwa na pembe zilizopanda na kushuka, za vikapu vya kwao.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama Mpanda kama mtu anayetafuta kitu. Mninga, kwa mfano. Tunda lake ni duara lenye bawa jembamba pande zote, katikati lina miiba iliyosimama. Sijui kwa nini hakuna aliyelishona kabla yangu, maana limeumbwa kwa sindano. Bawa linajazwa kwa uzi mmoja wa rangi ya majani makavu, ukingo mshono shina, katikati vifundo vilivyobanana: unauzungusha uzi mara mbili kwenye sindano, unauchomeka kando kidogo tu ya ulipotokea. Nilishona matunda ya mninga miaka mingi. Bado sijayachoka.

Gunia nalo lilinifundisha kuhesabu. Tumbaku ilipakiwa kwenye magunia ya juti, na vipande vilivyochanika vilizagaa kwenye bohari. Juti imefumwa wazi, kila uzi unauona, kwa hiyo mshono msalaba haukuhitaji kaboni: unahesabu mbili kulia, mbili juu. Ubaya wake ni harufu. Niliuloweka mkeka wangu wa kwanza wa ukutani siku nzima, na bado mume wangu alidai sebule inanukia mnada wa tumbaku.

Kofia ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu. Mwalimu mmoja kutoka Zanzibar alikuja kukata tiketi akiwa na kofia nyeupe ya mkono, nikamwomba, kwa haya, aivue. Vile vitobo vidogo vinavyoifanya ipitishe hewa havikatwi kwa mkasi. Kitambaa kinatobolewa, nyuzi zake zinasukumwa pembeni, kisha tundu linazungushiwa uzi hadi linakaza. Mamia ya matundu, kofia moja. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoikata reli ya kati, na mimi nikawa sina tiketi za kukata, nilimaliza ukanda wa pembeni wa kofia yangu ya kwanza. Duara la juu lilisubiri hadi masika mengine.

Watu walinishauri niuze. Mke wa bosi mmoja alitaka mashuka ya harusi ya bintiye, na tarehe akaitaja. Nilikataa, akaninunia. Maisha yangu yote ya mchana yalikuwa saa ya kuondoka na saa ya kufika. Sikuona sababu ya kuipa na sindano ratiba. Vitambaa nimegawa: kwa wazazi wapya, kwa misiba, kwa yule mama wa Katumba nilimpa mninga, akaugeuza kwanza, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Siku hizi nimestaafu, Mpanda imekuwa makao ya mkoa wa Katavi tangu 2012, na mjini kuna vijana wenye mashine za kudarizi za kompyuta zinazoandika majina ya shule kwenye sweta kwa dakika. Kazi safi. Nyuma yake imebandikwa kitambaa kigumu, lakini sisemi.

Sasa hivi niko kwenye viboko. Kiangazi mto Katuma ukikauka, viboko wa hifadhi ya Katavi hujazana kwenye madimbwi ya matope, mmoja juu ya mwingine, na nataka lundo hilo lote kwenye kitambaa cha meza cha watu sita. Taabu ni rangi. Jirani yangu aliyekuwa askari wa hifadhi anasema kiboko ni wa kijivu. Mimi nimewaona: tumboni na nyuma ya masikio wana wekundu mpevu, na tope likikauka mgongoni linakuwa karibu jeupe. Nilimwagiza gadi wa treni uzi kutoka Tabora, nikamweleza kwa kirefu. Ameniletea uzi wa rangi ya waridi, ile ya sweta za watoto wachanga. Nimempa kipande cha ganda la komamanga akafananishe nacho dukani, na jirani anasema nikishona kiboko wa rangi hiyo hatakaa kwenye meza yangu. Viti ni sita, tutaona.