Orsay: Mtambo Mkongwe Wapata Mrithi

Msomaji mpenzi, siku ukijaliwa kufika Paris, panda treni iendayo kusini. Baada ya kilometa 20 hivi utashuka Orsay, mji mdogo uliolala katika bonde la mto Yvette. Hapa ndipo Irène Joliot-Curie, binti wa Marie Curie, alipotaka ijengwe maabara mpya ya elimu ya atomu. Alifariki mwaka 1956, asiuone mtambo mkubwa ulioanza kazi mwaka 1958.

Mtambo ule ulikuwa wa wataalamu, si wa wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kurusha protoni, yaani vijipande vidogo mno vya atomu, kwa mwendo wa ajabu. Ulipopitwa na mitambo mingine, haukutupwa. Mwaka 1991 ulianza kutibu saratani, hasa ya jicho.

Huenda wauliza: protoni zina faida gani? Miali ya eksirei hupenya mwili na kutokea upande wa pili, ikidhuru hata palipo pazima. Protoni huingia, hutoa nguvu zake nyingi mwishoni mwa safari, kisha husimama. Fikiri ubongo wa mtoto, au jicho, ambapo milimeta chache tu hutenga uvimbe na mshipa wa kuonea. Hapo kusimama huko ndiko kuokoka kwa jicho.

Lakini chombo cha 1958 kilikuwa na mipaka yake. Mwali ulitoka mahali pamoja tu; mgonjwa ndiye aliyegeuzwa ili auelekee. Basi ikaamuliwa kujenga upya. Je, wagonjwa waambiwe wangoje? Saratani haimngoji fundi. Kwa hiyo mtambo mkongwe uliendelea kutibu huku waashi wakijenga jirani yake, mpaka mrithi wake kutoka Ubelgiji alipokuwa tayari mwaka 2010. Ndipo mzee akazimwa.

Huyo mgeni alikuja na gurudumu la chuma lenye uzito wa karibu tani 100. Humzunguka mgonjwa alalaye, na kuelekeza mwali kutoka upande wowote daktari autakao. Mgonjwa mwenyewe haoni uzito huo. Aona chumba safi na kitanda tu.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ukirudi kituoni jioni, msomaji, usimsahau na yule mzee aliyeshika zamu mpaka mgeni alipofika.