Mwenye Kiti

Kwa Kiswahili, mkubwa wa mkutano haitwi mwenye meza wala mwenye kipaza sauti. Ni mwenyekiti. Hata wasomi wana viti vyao: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa 3, karo ilipotushinda, kwa hivyo mambo ya vigoda nayaachia wenyewe. Nilichokuwa nacho kwa miaka 2 ni kiti cha plastiki, cheupe, vile vya harusi na matanga.

Kiti hicho hakina ubaya wowote. Ni cha mtu wa saa 2: ale pilau, asikilize hotuba, aende zake. Mimi nilikuwa nakikalia saa 9, nikiandikia watu wa mbali maelezo ya viatu na makala kuhusu afya ya mbwa, malipo kwa neno. Ukilipwa kwa neno, mgongo ni mtaji. Kufikia Machi nilikuwa naandika maneno 600, halafu nalala sakafuni nikingoja kiuno kiniachilie. Kazi ya saa 4 ikawa ya 7, kwa pesa zile zile.

Nikaweka kando shilingi 8,000. Si pesa ndogo. Mdogo wangu alikuwa kidato cha 2 na nilikuwa nimeahidi kuchangia karo yake. Nilipompigia mamangu kumweleza, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Kiti? Kwani umeandikwa wapi, mwanangu?"

Sijaandikwa popote, Mama. Mimi ndiye huandika. Sikumwambia hivyo, lakini.

Madukani nilikuta viti vya gemu, vyekundu kwa vyeusi, vilivyoigwa kutoka viti vya magari ya mashindano. Sasa mimi nakata kona gani hapa kwa keja? Mafundi wa Ngong Road nao wana makochi ya kukufanya usahau kodi, ila kochi ni la kupumzikia. Mwishowe nikaenda bohari moja Industrial Area wanakouza mtumba wa ofisi.

"Boss, kalia tu. Kuketi hatulipishi," muuzaji akaniambia. Nikamchukulia kwa neno lake, nikakaa kwenye viti 11.

Kiti ni kama shati. Aeron, kile kiti maarufu cha mwaka 1994 kilichobuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick, hutengenezwa kwa saizi 3: A, B na C. Sisi wa mtumba saizi yetu tunaitafuta kwa makalio. Keti mpaka nyuma kabisa, nyayo zote chini. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole 2 au 3. Visipopita, miguu itakufa ganzi. Lile tuta la mgongoni liingie kwenye bonde la kiuno chako, lisikusukume mabegani. Mikono ya kiti ipite chini ya meza, na hapo lazima uwe umeipima meza kabla ya kutoka nyumbani. Yangu ni sentimita 74. Halafu kipandishe juu kabisa, ukae dakika 10 ukipiga stori. Kikianza kushuka polepole kama mtu anayesinzia kanisani, gesi imechoka.

Kile alichokisifu sana kilikuwa cheusi, cha ngozi, kipana. "Hiki kilikuwa cha meneja." Kilishuka kabla hatujamaliza kuongea bei.

Kando yake palikuwa na cha kijivu, mgongo wa wavu, mikono imechubuka. Cha mapokezi, akasema, kwa sauti ya kuomba radhi. Nikafikiria: meneja hushinda mikutanoni. Anayeketi kutwa nzima, simu sikioni, macho kwenye skrini, ni yule dada wa mapokezi. Nikakaa. Bonde likapata tuta lake. Dakika 10 zikapita, kikabaki palepale.

Alitaka 6,500, tukaelewana 5,500. Bodaboda akakifunga kwa mpira nyuma yangu, 300 mpaka mlangoni. Zilizobaki nikatoa 2,000, nikamtumia mamangu kwa M-Pesa.

Ujumbe wake uliingia jioni nikiwa katikati ya mbwa wenye viroboto. "Nimepata, asante. Hicho kiti kina magurudumu?"