Mama wa Mputu alianza kusoma na miaka 33



Vijana wetu wa sekondari wanapenda kutaja watu wakubwa waliosoma katika vyuo vikuu vya Weusi wa Marekani, vile vilivyofunguliwa kwa sababu vyuo vya wazungu viliwafungia mlango. Martin Luther King alitoka Morehouse, pale Atlanta. Kwame Nkrumah, kabla ya kuwa rais wa Ghana, alisoma Lincoln. Toni Morrison, mwanamke aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1993, alitoka Howard, na Kamala Harris vilevile. Ni orodha nzuri na nimekwisha kuifundisha darasani. Lakini jina ambalo lingetuhusu sisi zaidi silikuti katika orodha hizo. Ni jina la mwanamke aliyesoma Talladega, chuo kidogo cha Alabama, akaja Kongo, akalea wasichana wetu kule Kasai zaidi ya miaka 20. Alikuwa anaitwa Maria Fearing.

Talladega yenyewe ina historia ya kushangaza. Jumba lake la kwanza lilijengwa kabla ya vita vya Marekani kwa mikono ya watumwa, ili watoto wa wazungu wasomee humo. Mmoja wa wajenzi hao alikuwa seremala, William Savery. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, yeye na mwenzake Thomas Tarrant, ambaye naye alikuwa mtumwa, wakaanza kutafuta shule kwa watoto wao. Miaka miwili baadaye jumba lile lile likanunuliwa kwa ajili ya shule ya Weusi. Mtu amepiga misumari katika nyumba ambayo mtoto wake hana ruhusa ya kuingia, kisha siku moja mtoto anaingia na daftari mkononi. Wanafunzi wangu ninapowaeleza jambo hili wananyamaza, na si kawaida yao kunyamaza.

Maria alizaliwa mwaka 1838 katika utumwa, akafanya kazi za nyumbani kwa bwana wake hadi akawa na miaka 27. Uhuru ulipofika hakujua kusoma hata jina lake. Alipofika miaka 33 akaenda kuanza shule Talladega, pamoja na watoto wadogo. Fikirini vizuri: mwanamke mzima, mikono migumu ya kazi, anakaa karibu na mtoto wa miaka saba na wote wawili wanatafuta herufi moja. Alifika darasa la tisa tu. Kwa kipimo chetu hakufika hata Exetat. Lakini kwa elimu hiyo akawa mwalimu wa shule za kijijini, akaweka feza, akanunua nyumba yake mwenyewe.

Kisha akasikia habari za Kongo. Mmisionari mweusi William Sheppard, aliyesoma Hampton (nayo ni shule ya Weusi) na kufika Kongo tangu mwaka 1890, alirudi Marekani kutafuta watu wa kumsaidia. Maria akaomba kwenda. Wakuu wa misioni wakamkatalia: alikuwa na miaka 56, walimwona mzee mno. Basi akauza nyumba yake, akaongeza akiba aliyokuwa nayo, na wamama wa kanisa moja la Talladega wakamwahidia dola 100. Akajilipia safari. Wamama, mnielewe hapo: kasa ya kikundi cha wanawake ndiyo iliyokamilisha safari ya mtu ambaye wakubwa walimkatalia.

Walipanda meli Mei 1894. Katika kundi lao walikuwamo wanawake watatu wa Talladega: Maria, Lillian Thomas, na Lucy Gantt aliyeolewa na Sheppard. Treni ya Matadi mpaka Leopoldville ilikuwa haijamalizika. Ilifika mwaka 1898. Kwa hiyo zile kilometa karibu 400 watu walizipita kwa njia ya miguu na wapagazi, kabla ya kupanda mashua ya moshi hadi Luebo. Lubumbashi yetu ilikuwa bado haijazaliwa. Mji huu ulianza mwaka 1910. Lucy, huyo mke wa Sheppard, alizika huko watoto wawili wachanga wa kike. Ninaandika jambo hilo kwa sentensi moja, lakini mama aliyezika mtoto anajua urefu wake.

Nchi waliyoikuta ilikuwa katika mateso. Ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na vijiji vilitafutwa kwa kodi, kwa mpira na kwa watumwa. Mwaka 1899 Sheppard alikwenda kuchunguza kijiji kimoja kilichoshambuliwa na askari wa Zappo Zap, akahesabu mikono 81 ya kuume iliyokatwa na kukaushwa juu ya moto. Aliandika aliyoyaona, na mwaka 1909 kampani ya mpira ya Kasai ikamshitaki Leopoldville kwa maneno yake juu ya mateso ya watu. Alishinda kesi. Mtu anayejua kuhesabu na kuandika anaweza kuwa hatari kwa wenye nguvu.

Maria yeye alishughulika na wasichana. Watoto waliotekwa vijijini walikuwa wanauzwa, na yeye aliwakomboa kwa kuwapa wauzaji chumvi, vyombo na vitu vya biashara. Akawajengea nyumba Luebo, iliyoitwa Pantops. Humo walijifunza kusoma, kushona, kupika, kulima bustani. Watu walimwita Mama wa Mputu, yaani mama aliyetoka mbali ng'ambo, kama sisi hapa tunavyosema mtu wa Bulaya. Nimejiuliza mara nyingi: kumnunua mtoto ili umfungue, je, hakumpi mwuzaji hamu ya kukamata mwingine? Swali hilo ni la haki na sitalificha. Lakini yule aliyelipa chumvi alikuwa yeye mwenyewe amekuwa mali ya mtu kwa miaka 27, na mtoto aliyesimama mbele yake hakuweza kungoja sheria zibadilike.

Baada ya miaka miwili misioni ilimkubali na kuanza kumlipa mshahara. Alikaa hadi mwaka 1915. Miaka 13 baadaye, mwaka 1928, reli ya BCK iliunganisha Katanga na Kasai, na familia nyingi zikaja kutafuta kazi huku kwetu. Sina njia ya kujua kama bibi wa mmoja wenu alipita Pantops, lakini kila nikiangalia majina katika orodha ya darasa langu, yale ya Kasai kati ya ya Lubemba na ya Luba-Katanga, wazo hilo linarudi.

Talladega haikuwa peke yake. Althea Brown alimaliza Fisk, chuo kingine cha Weusi, mwaka 1901, akafika Kasai mwaka uliofuata. Alijifunza lugha ya Wakuba kwa miaka mingi, na mwaka 1932 kitabu chake cha sarufi na kamusi ya lugha hiyo kikapigwa chapa pale pale Luebo. Watoto wake wawili wa kiume aliwapa majina ya Kikuba, Kueta na Bope. Alifia Kongo mwaka 1937. Mwaka uo huo Maria Fearing alifariki Alabama, akikaribia miaka 99.

Kwa nini ninawaandikia haya juma hili? Kwa sababu ya darasa la wamama. Katika komite kuna wazo kwamba feza ya chaki na daftari iongezwe kwenye vikwembe vya tarehe 8 Machi, maana tumebaki tisa tu, na sita kati yetu wamepita miaka 40. Mama mmoja aliniambia waziwazi, "Mwalimu, mti mkavu haukunjwi." Tulicheka wote, alilisema vizuri. Ila mimi niliyesoma ISP nilifundishwa jinsi ya kufundisha mtoto, na ninayoyaona Jumamosi hayamo katika daftari zangu za ISP. Mtoto anasoma kwa sababu ametumwa. Mama wa miaka 52, ambaye anauza makala tangu asubuhi na vidole vyake bado ni vyeusi, anasoma kwa sababu ana jambo lake.

Huyu ninayemtaja jambo lake ni daftari la likelemba. Katika kikundi chake cha zamani alilipa mara tatu, daftari likaonyesha mara mbili. Hakuweza kubisha, kwa kuwa hakujua kalamu ilisema nini. Mwana wake anamwambia, "Mama, kusoma ya nini sasa, mimi si niko?" Ni mwana mwema, anamsaidia kweli. Lakini hayuko sokoni saa ile feza inapotoka mkononi. Juma lililopita mama huyo alisoma mstari wake mwenyewe: jina, franka, tarehe. Alirudia kusoma mara nne, kisha akaanza kusoma mistari ya wenzake, nikamwambia, mama, hiyo sasa ni siri ya watu.

Kikwembe cha 8 Machi mimi pia nitakivaa, nakipenda. Ila kwanza tuhesabu: daftari tisa na boksi moja la chaki ni bei ya kikwembe kimoja, na si kile cha bei kali. Komite itakaa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ninaomba kila mmoja mwenye jirani, mama mkwe au dada asiyejua kusoma amwulize kabla ya siku hiyo, kwa faragha na bila kumpa haya, kisha aniletee hesabu tu, si majina. Darasa ni Jumamosi saa nane, mlango wa nyuma, ili asiyetaka kuonekana asionekane. Kalamu ziko.