Anza Sani Ruangwa, Malizia Nachingwea

Watu wakiniuliza waanzie wapi kusoma katuni za Sani, hutegemea niwatajie toleo. Mimi huwatajia njia: Lindi, Nanganga, Ruangwa, Nachingwea. Tafuteni matoleo ya zamani kwa wauza vitabu chakavu wa Dar es Salaam, chukueni yanayopatikana bila kuhangaikia mpangilio, kisha pandeni basi la kusini. Jarida lile lilizaliwa mjini na vituko vyake vingi ni vya mjini. Lakini ladha yake inatoka kwenye usimuliaji wa jioni, wa watu waliokaa pamoja, na sijui mahali ambapo usimuliaji huo umetunzwa vizuri kuliko katika nchi ya Wamwera, huko kusini.

Kwa aliyezaliwa juzi: Sani lilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na katika miaka ya 1980 ndilo lililokuwa likigombewa kwenye vibaraza, saluni na mabweni. Kabla yake palikuwa na Film Tanzania ya Faraji Katalambula, iliyosimulia visa kwa picha za kamera. Sani likakabidhi kazi hiyo kwa kalamu ya mchoraji. Mkubwa wa wachoraji wake alikuwa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 angali kijana. Wahusika wake hawakuzikwa naye. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Pimbi waliendelea kuishi mikononi mwa wachoraji wengine, na hapo ndipo msomaji mgeni anapopotea. Anaona sura ya mtu imebadilika kati ya toleo moja na jingine, anadhani amekosea gazeti. Hajakosea. Mhusika ni yuleyule ila amepata msimulizi mpya, kama Sungura anavyopita kinywani mwa bibi mmoja akaenda kwa mwingine.

Safari ya basi kutoka Dar hadi Lindi ni ndefu, na ni ya Madenge, mhusika mwingine wa Sani. Mtoto mtundu yule anasomeka hata gari likirukaruka, kwa kuwa kisa chake kinaisha kabla hujachoka kushika ukurasa. Pitisha gazeti kwa jirani yako wa kiti. Mtu wa kusini hasomi peke yake ikiwa pembeni kuna mtu wa kucheka naye.

Ukiwa Lindi, kabla hujageukia bara, jua kwamba nyuma ya vilima vya kaskazini-magharibi ipo Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa ya dinosaria imechomoza ardhini, na kati ya mwaka 1909 na 1913 wenyeji waliichimba na kuibeba kwa miguu hadi pwani, zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa. Msimamizi wao mashuhuri aliitwa Boheti bin Amrani. Leo dinosaria mmoja kati ya hao amesimama Berlin, kimo chake mita 13 na zaidi. Natamani asimame huku. Hata hivyo habari yake inamfaa sana msomaji wa katuni: kumbe mchoraji anayemchora zimwi mwenye shingo ya kupita paa la nyumba hajazidisha chumvi. Nchi hii iliwahi kuwa na viumbe wa ukubwa huo.

Nanganga unaiacha barabara ya Masasi na kuingia upande wa Ruangwa. Hapo mikorosho inakupokea. Inakaa kwa mistari kwenye mashamba, inajitawanya nyuma ya nyumba, inaegemea hata kuta za misikiti. Katikati yake kuna ufuta, mbaazi, muhogo, na vilima vinavyofanya macho yasichoke. Nenda Juni au Julai uone ufuta ukivunwa, umefungwa mafungu na kusimamishwa ukauke. Ukienda Oktoba utakuta mabibo yameanguka chini ya miti, mekundu na ya manjano, na harufu yake tamu yenye ukali kidogo imeshika kijiji kizima. Mimi napenda Oktoba. Mji una pilika, wakulima wanapeleka korosho kwenye vyama vyao vya msingi, na kila kibaraza kina mjadala wa bei ya mnada.

Ruangwa ni mji unaojua kushangilia. Namungo, timu iliyochukua jina la eneo la wachimba dhahabu wilayani humu, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nchini dhidi ya Simba, kisha ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Siku ya mechi, Uwanja wa Majaliwa unasikika kabla hujauona. Anayetaka kuelewa kwa nini hadithi za huku zina makelele mengi kiasi kile, aende uwanjani kwanza.

Usimuliaji wa Wamwera si kazi ya mtu mmoja anayezungumza huku wengine wamenyamaza. Msimulizi anatupa sentensi, msikilizaji anaidaka na kuiitikia, msimulizi anaendelea, na ikifika sehemu ya wimbo wote wanaingia. Anayeitikia vibaya anaharibu hadithi, na anayeitikia vizuri anasifiwa sawa na msimulizi. Mtafiti Mjerumani Uta Reuster-Jahn aliandika kitabu kizima juu ya hadithi na usimuliaji wa Wamwera, kilichotoka mwaka 2002, na sehemu ya kazi yake ni huo ushirikiano wa kinywa na sikio. Furaha yangu ni kwamba mtafiti huyohuyo ameandika pia juu ya magazeti ya burudani ya Tanzania ya zama za Ujamaa. Nadhani amepita njia hii ninayowaelekeza, kutoka hadithi ya jioni hadi ukurasa wa gazeti.

Kwa hiyo Ndumilakuwili msome Ruangwa, baada ya chakula cha usiku, tena kwa sauti. Tafuta bibi au mjomba mwenye nafasi. Mjomba huku si jina la adabu tu, kwa maana Wamwera wanahesabu ukoo kwa mama na mjomba ana kauli nzito nyumbani. Mwamkie inavyostahili, kubali sahani ya ming'oko, viazi vile vya porini vinavyochimbwa msituni na kuchemshwa, na usiwe na haraka. Kisha mwonyeshe picha, usome maneno ya kwanza, ungoje. Utaitikiwa. Mtu atauliza, "Halafu?" Mwingine atamwonya anayetaka kutapeliwa pale kwenye picha, kama vile anaweza kusikia. Watoto watakaribia taa. Ukifika mwisho, usifunge gazeti ukaaga. Ni zamu yao sasa, na utasimuliwa Sungura na Fisi, au kisa kinachojulikana kwa Wamwera na majirani zao Wayao na Wamakua, cha binti aliyekataa wachumba wote wa kijijini akaolewa na mgeni mtanashati, kumbe mgeni ni mnyama, na anayegundua ni mdogo wake aliyetengwa kwa sababu ya vidonda vyake.

Sikiliza kisa hicho kwa makini, kisha urudi kwenye katuni. Mgeni mtanashati mwenye mkia uliofichwa yupo pia gazetini, amevaa suti. Mdogo anayedharauliwa yupo, na ndiye anayecheka mwisho. Katika hadithi za picha za Kiswahili majini na wachawi wanaishi mtaa mmoja na makarani na wauza chipsi, na hakuna anayeshangaa. Wapo wasomaji wa mjini wanaouona mchanganyiko huo kuwa wa kitoto. Wakikaa usiku mmoja uani Ruangwa wataona kuwa ni utaratibu wa zamani, na kwamba mchoraji aliukuta tayari, umekomaa, akaupa wino.

Lodi Lofa umuache hadi Nachingwea. Bwana mkubwa wa jina, lofa wa mfuko, hana pa kusomwa panapomfaa zaidi kuliko hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake vitatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa matrekta ya kung'oa visiki. Ikajengwa reli, na bandari ya kina kirefu ikapangwa Mtwara kwa ajili ya mzigo wa karanga. Mzigo haukuja. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, na reli ikafungwa mwaka 1962. Ufahari wa namna hiyo Lodi Lofa angeutambua mara moja.

Lakini msiende Nachingwea kwa ajili ya karanga za Waingereza. Nendeni kwa jinsi mji ulivyotengeneza maisha yake juu ya mashamba yaliyoachwa. Una barabara pana zenye miti, hewa safi ya asubuhi na soko lenye kunde na choroko za kila rangi. Mji huu pia umefundisha ushirika. RUNALI, chama kikuu cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinaunganisha wilaya tatu katika mnada mmoja, na kukaa ghalani siku ya mnada ukisikia bei zikisomwa mbele ya wakulima ni burudani isiyo na kiingilio.

Tena Nachingwea ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO. Samora Machel na wenzake waliandaa hapa wapiganaji walioikomboa Msumbiji, iliyopata uhuru mwaka 1975. Mara baada ya uhuru chama chao kilimtoa mhusika wa katuni aliyeitwa Xiconhoca, mvivu, mlevi, mlanguzi, msaliti, na mwaka 1979 vituko vyake vikakusanywa kitabuni. Mtu wa Nachingwea hahitaji kufasiriwa mwisho wa jina hilo, anamsikia nyoka. Ukipata nakala yake, iweke kando ya Ndumilakuwili uone ndugu wawili waliokulia pande mbili za mto Ruvuma, mmoja akifundisha mapinduzi, mwingine akichekesha kibarazani, wote wawili wakimwonya mtu wa kawaida dhidi ya jirani mwenye ndimi mbili.

Magazeti usirudi nayo. Nachingwea kuna chuo cha ualimu. Wape wanachuo, na Madenge awe juu ya fungu, kwa sababu muda si mrefu watakuwa naye darasani, dawati la nyuma, na ni vizuri wakakutana naye kwanza kwenye karatasi.